Kijiboksi cha klasi D na dude la mjomba: nani mkali?

Vijana wa mjini tuna ugonjwa mmoja, mpenzi msomaji. Tukiingia kwenye duka la vifaa vya muziki kule Kariakoo, kabla hatujauliza bei, tunakinyanyua kitu. Kikiwa kizito tunatikisa kichwa kwa heshima kama tumeonyeshwa mzigo wa dhahabu. Kikiwa chepesi tunacheka, tunakirudisha mezani, tunasema, "Hiki kimeo, bwana." Amplifaya kwa mtoto wa mjini ni kitu cha kubebwa na watu wawili, kina mapezi ya aluminiamu huku na huku, ukikigusa kinaunguza, na ukikiwasha taa ya chumbani inapepesa kidogo kama inakiamkia.

Sasa ndiyo vimeingia hivi vijiboksi. Kidogo kama kipande cha sabuni ya mche, hakina uzito, hakina joto, kinatumia adapta kama ya laptopu, na muuzaji anakuapia kwamba kinasukuma wati mia kila upande. Ukimuuliza siri yake nini, anakujibu neno moja tu: klasi D. Ukimuuliza klasi D ndiyo nini, anakuambia "digitali hiyo", kisha anamgeukia mteja mwingine.

Kijiweni huko ndiyo vita. Kundi moja linasema klasi D haina roho, sauti yake kavu kama ya mtu anayeongea huku ana njaa. Kundi la pili linasema hayo madude mazito ni ya wazee, yanakula umeme na nafasi, tuyaache yapumzike. Nimewasikia watu wazima wakikaribia kushikana mashati kwa jambo hili, tena wengine hata redio hawana!

Mimi nimekaa na vyote viwili chumba kimoja kwa miezi minane. Dude ni Sansui ya miaka ya 1980, la mjomba wangu, aliniachia alipostaafu na kuhamia Morogoro. Kijiboksi nilikinunua mwenyewe, ndani kina chipu inayoitwa TPA3116, ya Texas Instruments wa Marekani, chipu ambayo imejaa kwenye bodi nyingi za bei poa unazoziona madukani. Vimepiga muziki uleule kwenye spika zilezile, na kwa sababu yake nusura nifukuzwe nyumba. Kwa hiyo nina cha kusema.

Kwanza tumalize hili la majina, maana ndipo watu wanapopigwa. Herufi hizi si alama za mtihani. A si ya aliyefaulu na D si ya aliyepata D ya hisabati. Ni foleni tu. Mafundi walianza na A, ikaja B, ikaja C ambayo kazi yake ni kwenye mitambo ya kurushia matangazo, haihusiani na muziki wa sebuleni. Kitu kilichofuata kikapewa herufi iliyokuwa inafuata. Kwa hiyo D wala si ya "digitali". Muuzaji akikuambia hivyo mwache amalize, kisha ulizia bei.

Klasi A ni ile ambayo transista zake zimewaka muda wote, muziki uwepo usiwepo. Sauti yake safi, lakini hata kwa hesabu za kwenye karatasi haivuki nusu ya umeme inaokula. Nusu ya pili na zaidi ni joto la bure, na kwa hali ya hewa ya Dar hilo ni balaa tupu. Klasi B ikagawa kazi: transista moja inasukuma nusu ya juu ya wimbi la sauti, nyenzake inavuta nusu ya chini. Umeme ukaokoka, lakini pale wanapopokezana kijiti pana kapengo, na kapengo hako masikio yanakasikia kama mkwaruzo. Ndipo ikaja AB, kwamba hawa wawili wapewe umeme kidogo wa kuwaweka macho, asilale mmoja moja kwa moja. Amplifaya nyingi sana za nyumbani unazozijua tangu enzi za transista ni AB. Dude la mjomba ni AB.

Tatizo la hizi zote ni la dereva wa daladala. Mfikirie dereva anayekanyaga mafuta mpaka mwisho muda wote, halafu mwendo anaupunguza kwa breki. Gari litakwenda vizuri tu, litapunguza, litaongeza, lakini breki zitaiva. Ndivyo AB inavyofanya kazi. Umeme wote upo pale, transista zinaubania ili upite kiasi muziki unachotaka, na kile kilichobaniwa kinageuka joto. Mapezi ya aluminiamu ndiyo breki zenyewe. Kwenye karatasi AB inaweza kufika kama asilimia 78, ila hapo ni ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho. Nani anasikiliza hivyo chumbani? Kwa sauti ya kawaida, ya kupikia chai, umeme unaokula sehemu kubwa ni wa kupasha moto chumba.

Klasi D dereva wake ni mwingine. Yeye ama anakanyaga yote, ama anaachia yote, hakuna katikati. Ila anafanya hivyo mara laki nne kwa sekunde moja, hata zaidi! Wimbi la muziki likipanda, muda wa kukanyaga unakuwa mrefu kidogo kuliko wa kuachia. Likishuka, unakuwa mfupi. Transista iliyofunguka yote haibanii kitu, na iliyofungwa yote haipitishi kitu, kwa hiyo joto halina pa kutokea. Mwishoni, kabla ya spika, kuna koili na kapasita ambazo kazi yake ni kuusawazisha ule mtetemo wa kanyaga-achia ubaki muziki mtupu. Hapo asilimia 90 ya umeme inafika kwenye spika. Ndiyo maana kijiboksi hakihitaji mapezi makubwa, na ndiyo maana ni chepesi. Wepesi wake si ubahili wa kiwanda.

Wala msidhani ni kitu cha jana. Huko Uingereza mwaka 1964 bwana mmoja aitwaye Clive Sinclair, huyuhuyu aliyekuja kutengeneza kompyuta ndogo za nyumbani, aliuza amplifaya ya namna hii ya kujiungia mwenyewe, ikiitwa X-10. Ikaandikwa wati 10. Wati 10 hazikufika hata nusu, na transista za wakati ule zilikuwa nzito mno kwa mchezo wa kuwashwa na kuzimwa haraka kiasi hicho. Sony wa Japani wakajaribu mwishoni mwa miaka ya 1970 na TA-N88, mashine ya kazi kweli, lakini haikuenea. Ilibidi tungoje transista zenye mbio.

Kisha kule California mwaka 1995 ikaanzishwa kampuni iitwayo Tripath. Chipu yao moja, TA2024, ikawekwa kwenye kiboksi cha plastiki kinachotumia betri nane za redio, na miaka ya 2000 wazungu wenye mashine za mamilioni walikisikiliza wakabaki mdomo wazi. Tripath yenyewe ikafa 2007. Mbelgiji mmoja, Bruno Putzeys, akiwa Philips, mwaka 2001 alikuja na mpango alioupa jina la UcD: amplifaya ijisikilize na kujisahihisha baada ya zile koili na kapasita, si kabla. Likumbukeni hilo la "baada", nitalirudia.

Haya, turudi uswahilini.

Nyumba yetu ni ile ya Kiswahili, Magomeni, vyumba sita, korido katikati, bomba na choo uani, na mita ya LUKU moja. Uniti zikiisha tunachanga. Ukishasikia maneno hayo mawili, "mita moja", ujue kuna ugomvi mahali. Uniti zilizokuwa zinakwenda wiki mbili zikaanza kuisha siku ya tisa. Macho yote sita, maana yake vyumba vyote, yakaelekea mlangoni kwangu. Si ndiye mwenye redio kubwa?

Mama mwenye nyumba akaniita uani. Nikamwamkia, akaitikia, akanitengea na kigoda, nikajua ni kesi. "Mwanangu," akasema, "sina ugomvi na wewe. Lakini wenzio wanalalamika. Ama uchange mara mbili, ama hilo lidude litoke. Na usipoweza yote mawili, mwezi ujao nina mtu anakitaka chumba." Alisema kwa upole kabisa, na upole wa mama mwenye nyumba ndiyo wa kuogopa.

Nikamwambia, "Mama, nakuheshimu, ila naomba tuiulize mita yenyewe." Jumapili jioni tukakaa kikao. Nikaomba kila mtu azime kila kitu chake, mpaka chaji za simu. Mita yetu ina kataa kekundu kanakopepesa, na pembeni imeandikwa kwamba mipepeso 1000 ni uniti moja. Maana yake kila pepeso moja ni wati-saa moja. Hii fizikia ya kidato cha pili, hata mtoto wa jirani aliijua.

Tukawasha dude peke yake, muziki wa taratibu. Taa ikapepesa. Tukahesabu kwa saa ya simu: sekunde 90, ikapepesa tena. Hiyo ni mipepeso 40 kwa saa, yaani wati 40, na hapo linapiga kwa sauti ya kubembelezea mtoto. Nikazima, nikawasha kijiboksi kwenye spika zilezile, sauti ileile. Tukangoja. Watoto wakachoka wakaenda kucheza rede. Dakika saba na nusu ndipo taa ikapepesa! Wati 8, pamoja na adapta yake.

Nikasema sasa tujaribu na vingine. Kaka wa chumba cha nne, ambaye anapiga pasi nguo za watu kwa malipo, akaleta pasi yake ya wati 1000. Taa ikapepesa kila baada ya sekunde tatu na nusu hivi. Dada wa chumba cha pili anayo hita ya kutumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kuoga. Hapo taa ilikuwa kama kimulimuli. Uani pakawa kimya, mtu unasikia bomba linavyodondosha.

Hesabu ni nyepesi. Dude likipiga saa sita kila siku, kwa mwezi linakula uniti kama 7. Kijiboksi hakifiki uniti moja na nusu. Pasi ikiwa moto saa moja mfululizo ni uniti nzima imekwenda, yaani saa 25 za dude, au zaidi ya saa 120 za kijiboksi. Mama mwenye nyumba akatoa hukumu palepale: mwenye pasi na mwenye hita waongeze, mimi nichange kama wengine, dude lipigwe Jumapili tu. Chumba nimebaki nacho. Kaka wa chumba cha nne hajanisalimia tangu siku ile, na nguo zangu nazipiga pasi kwa mtu wa mtaa wa pili.

Kwenye umeme, basi, klasi D inashinda bila ubishi. Lakini nawaonya wale ambao mna mita yenu na jokofu na kiyoyozi: uniti tano au sita kwa mwezi si sababu ya kutupa amplifaya nzima. Kwangu mimi mwenye kuchanga ilikuwa ni nyumba. Kwako inaweza kuwa ni soda mbili tatu.

Sasa sauti, ambayo ndiyo watu wanapigania. Niliwaita washikaji watatu wenye midomo mirefu kuliko wote kijiweni. Nikafunika mashine zote mbili na khanga, nikaweka swichi nyuma. Ila kabla ya hapo nilimwita fundi wangu, maana kuna ujanja mmoja mkubwa kwenye mchezo huu: kinachopiga juu zaidi, hata kwa kiasi ambacho husemi ni juu, sikio linakiita kizuri. Maduka yanaujua ujanja huo sana. Fundi akapiga mlio wa hezi 50 kutoka kwenye simu, akapima volti kwenye ncha za spika kwa mita yake, akaweka mashine zote mbili sawasawa kwenye volti 2. Kwa nini hezi 50? Kwa sababu mita nyingi zimetengenezwa kupimia umeme wa ukutani, ukizipa mlio wa juu sana zinaanza kusema uongo.

Tukapiga mara kumi kwa kila mtu. Dansi la zamani, taarabu, Bongo Fleva, kinanda cha peke yake. Kazi yao ilikuwa moja: dude au kijiboksi? Mmoja alipata sita, mmoja tano, na yule aliyekuwa anasema klasi D haina roho akapata nne. Ukirusha shilingi unapata hivyohivyo.

Ila msiondoke, kuna sehemu ya pili. Spika tulizotumia zilikuwa za omu 4. Tukabadilisha tukaweka spika za mjomba za omu 8, tukapima upya. Safari hii mmoja wao, kijana mwenye masikio kama ya popo, akapata nane kati ya kumi. Akasema kwenye kijiboksi matoazi yanang'aa kupita kiasi. Na ni kweli! Hapa ndipo lile neno "baada" linaporudi. Bodi hizi za bei poa zinajisahihisha kabla ya koili na kapasita. Kinachotokea baada ya hapo hawakijui, na koili na kapasita zile zimepimwa kwa spika za aina fulani. Ukiweka spika za omu nyingine, sauti nyembamba za juu zinapanda au zinashuka kidogo. Mashine za klasi D za watu wenye fedha, zinazofuata njia ya akina Putzeys, hazina shida hiyo. Dude la mjomba nalo halina. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema klasi D "inachoma masikio", usimwite muongo. Muulize kwanza ni bodi gani na spika za omu ngapi.

Jambo jingine ni mvumo. Weka sikio karibu na spika bila muziki: kijiboksi kinafanya "shhh" kama sufuria ya wali inayokaribia kukauka, dude linafanya "mmm" la transfoma. Ukikaa kitandani husikii chochote kati ya hivyo. Mzee wa chumba cha mbele alilalamika kwamba redio yake ya zamani inakwaruza akiitafuta AM nikiwa nimewasha kijiboksi. Ule mtindo wa kanyaga-achia unavuja hewani kidogo, na waya za spika zinakuwa antena. Nikazifupisha, nikazisokota pamoja, nikahamishia mashine ukuta wa pili. Mzee akapata stesheni yake, nami nikapata amani.

Kinachonikera kuliko vyote ni wati za uongo. Boksi la sabufa limeandikwa wati 10,000, na nyuma ya mashine, kwa herufi za kusoma na miwani, imeandikwa inakula wati 60. Itoe wapi zilizobaki, kwa mganga? Hata klasi D haitoi zaidi ya inachokula. Ukinunua kijiboksi soma adapta. Ikiandikwa volti 24 na ampea 4, zidisha: wati 96. Basi yule anayekuambia "mia kila upande" anauza maneno. Kwenye spika za omu 8 changu kinatoa wati 30 na ushee kila upande, na zinanitosha kabisa, kwa sababu kwa sauti ya kawaida chumbani mtu anatumia wati moja, mara nyingi hata haifiki. Tena kutoka wati 50 kwenda 100 ni desibeli 3 tu, ongezeko la kusema "mh, kama imeongezeka". Ukitaka masikio yako yaseme sauti imekuwa mara mbili, zidisha wati mara kumi. Fedha hizo ni bora uzipeleke kwenye spika. Spika nzuri na kijiboksi cha bei poa vitaishinda mashine ya kifahari yenye spika za maboksi matupu, kila siku.

Halafu kuna umeme wetu wenyewe huu wa mitaani. Jioni watu wakirudi makazini umeme unashuka, taa zinakuwa rangi ya chai. Dude linaposhuka na volti linashuka nalo, kwa sababu transfoma inatoa kulingana na inachopewa. Besi inalegea. Adapta ya kijiboksi imeandikwa volti 100 mpaka 240, kwa hiyo hata umeme ukishuka mpaka 170 yenyewe inatoa 24 ileile, haina habari. Umeme ukikatika kabisa, nachomoa adapta, naunga betri ya volti 12, naendelea. Nguvu inapungua, kama wati 8 hivi kila upande kwa spika za omu 8, lakini giza lenye muziki si sawa na giza tupu. Nikiwa na betri hiyo watoto wa nyumba nzima wanakuja kukaa mlangoni kwangu, na wa chumba cha nne wamo.

Mpaka hapo mnadhani nimeshaamua. Subirini, fundi bado.

Umeme ukirudi kwa kishindo, dude linaungua fyuzi, au likiumia sana linaungua transista mbili kubwa. Fundi analifungua, kila kitu kinaonekana kwa macho, anapima, anatoa mbovu, anatia mpya, kazi imekwisha. Hili dude limetengenezwa mara tatu tangu mjomba alinunue. Angalizo moja tu: transista za nguvu za bandia zimejaa sokoni, zimechorwa jina kubwa juu na ndani hamna kitu, kwa hiyo nenda na fundi unayemwamini.

Kijiboksi kikiungua? Ile chipu ina miguu 32, kila mguu mwembamba kama unywele, na imebanana kwenye nafasi ya ukucha. Rafiki yangu wa Tandika alipeleka chake kwa mafundi watatu. Wawili walikitazama tu, wa tatu akamwambia ukweli: "Mdogo wangu, bodi mpya ni rahisi kuliko mkono wangu." Akanunua nyingine, ya kwanza ikaenda jalalani. Ukipiga hesabu ya miaka kumi, sijui nani atakuwa amekula fedha nyingi. Dude lina miaka 40. Vijiboksi hivi bado hatujaviona vikizeeka.

Na onyo kwa wenye kupenda kuunganisha wenyewe. Kwenye bodi za aina ya changu, ncha hasi za spika mbili usiziunganishe pamoja wala usiziguse bodi, kama tulivyozoea kwenye redio za zamani. Pande zote mbili za spika zina umeme wa kazi. Ukiunganisha, chipu inakufa, isipokuwa ile kinga yake iwahi kuikatia umeme.

Kwa hiyo anayeniuliza anunue nini namuuliza kwanza anakaa wapi. Unaishi chumba kimoja, mita ya kuchanga, umeme wa kukatika: chukua klasi D, chagua spika za omu zilizoandikwa kwenye bodi, weka na kilinda umeme cha kuaminika. Umerithi mashine ya zamani na una nyumba yako: usidanganywe uiuze kwa sababu kuna kitu kipya. Fedha ya kununua mpya itumie kubadilisha kapasita zilizokauka. Hivi "roho" na "digitali" tuwaachie wenye muda wa kukaa kijiweni.

Mnunuzi wa chuma chakavu anayepita mtaani kwetu amelitamani dude mara mbili. Halitazami kama redio, anaitazama shaba iliyo kwenye transfoma, analipigia hesabu kwa kilo. Mara ya pili alikuja na mizani kabisa. Nikampigia simu mjomba, akacheka, akasema kama mjini halina nafasi lirudi, yeye ana mita yake na hana pasi ya biashara. Fundi amelitia kapasita mpya wiki hii. Nimelifunga kwa blanketi kwenye boksi la televisheni, na Jumamosi linapanda basi la Morogoro. Konda ameshaniambia, kwa uzito ule, atalitoza nauli ya mtu mzima.